Naomba ushauri: kuweka kumbukumbu za maumivu sugu

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Zahanati moja huku Newala ina wagonjwa wengi wa mgongo na magoti. Kila wakija huandikwa upya, hivyo kwenye MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) haonekani aliyeumwa zaidi ya miezi 3, ingawa ICD-11 (orodha ya WHO ya namba za magonjwa) imeyapa maumivu sugu namba yake, MG30. Tumejaribu daftari la pembeni: yalianza lini, kipimo cha maumivu cha 0 hadi 10, usingizi, dawa anazotumia. Kipimo ndicho kinasumbua. Wazee hutaja 10 kila mara wakihofia kunyimwa dawa (na si ajabu).

Je, tutumie picha za nyuso (mgonjwa aoneshe uso unaofanana na maumivu yake), au tuulize anachoshindwa kufanya, mfano kuinama kuokota korosho? Na daftari hili likija kutumika kwenye utafiti, kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) tuombe sasa, kabla ya kuendelea kukusanya?