Kidirisha cha "Una uhakika?" kinaniulia testi za Selenium

dau_la_shela:
Salaam wadau, niko Lamu, nawatengenezea jamaa tovuti ya kubuk vyumba, gesti ndogo tu huku Shela. Testi nimeandika kwa Python na Selenium, ile ya kuibofyabofya brauza kwa kodi, zinaenda vizuri mpaka pale pa kufuta buking. Ukibofya Futa kinatoka kile kidirisha, "Una uhakika?" Sawa na Ghairi, nikikitafuta kwa find_element (ya kusaka kitu kwenye ukurasa) hola, kwenye HTML hakimo, mstari unaofuata ukigusa ukurasa tu napigwa hitilafu ya UnexpectedAlertPresentException. Nimeweka time.sleep(5) wapi. Na ajabu kidirisha kimeondoka chenyewe na buking bado ipo, nani kakifunga??

kasa_wa_malindi:
Yakhe hutakiona kwenye HTML mpaka kesho, hicho si cha ukurasa ni cha brauza. Kingoje halafu ukijibu:

```
driver.find_element(By.ID, "futa").click()
a = WebDriverWait(driver, 10).until(EC.alert_is_present())
assert "uhakika" in a.text
a.accept()
```

accept ni Sawa, dismiss ni Ghairi. Kingekuwa cha kuandikia jina ungetanguliza a.send_keys. Sleep itoe, kulala sekunde tano hakumjibu mtu. Na aliyekifunga ni draiva mwenyewe, yule anayeiendesha brauza, ukiacha unhandledPromptBehavior (mpangilio wa kidirisha kisichojibiwa) ilivyo huwa "dismiss and notify", yaani anakubofyia Ghairi kisha ndo anakurushia hiyo hitilafu, ndo maana buking haikufutika.

dau_la_shela:
Aaah kumbe! Kufuta kumepita. Sasa kile cha "Malipo yamepokelewa" nimefanya vilevile, kinangoja sekunde kumi zote halafu TimeoutException.

bibi_testi:
Mwanangu kibofye kulia uone kama Inspect inatoka. Ikitoka basi hiyo ni div, kisanduku cha HTML ya ukurasa, imevishwa nguo tu, hapo rudi kwa find_element yako ya kawaida. Na ukikuta mafunzo yameandika switch_to_alert() kwa mabano yapite, Selenium 4 ilishaitoa, siku hizi ni driver.switch_to.alert.

mzee_wa_jeti:
Mimi nilishahamia Playwright, ya kazi hiyohiyo ya Selenium, ila nayo ina yake, usipoweka page.on("dialog", ...) inavifunga vidirisha vyote kimyakimya, na uiweke KABLA ya kubofya. Nilipoteza siku nzima hapo.

dau_la_shela:
Ni div kweli, ina mpaka kivuli 😂 Zote kijani. Ila hapa naona testi ya mgeni anayebofya Ghairi sikuandika kabisa, naiongeza sasa hivi kabla ya magharibi.