Siku nane za Julai na mama: Skye, Orkney au Shetland?

mkojani_glasgow
Jamani salamu. Mama anakuja kutoka Unguja mwezi wa Julai. Ana miaka 67 na magoti yanamsumbua. Nina siku nane na gari dogo. Nimpeleke kisiwa cha Skye, hapa Scotland, akaone milima, au nipande juu hadi visiwa vya kaskazini, Orkney au Shetland? Mliofika nishaurini.

BintiTanga
Skye ni rahisi kufika: daraja lipo tangu 1995 na hulipii kuvuka. Ila Julai maegesho ya mlima wa Storr hujaa mapema, na pale ni kupanda mlima kwelikweli. Njia nyingi ni za gari moja, mnapishana kwenye vituo. Halafu usubi! Upepo ukitulia jioni hamkai nje. Sisi tulikula wali ndani ya gari, vioo tumefunga.

Mzee_wa_Meli
Magoti hayo, mpeleke Orkney. Lala Inverness njiani, kesho yake panda feri bandari ya Scrabster. Dakika 90 tu mpo Stromness, Orkney, na njiani meli inapita mbele ya Old Man of Hoy, nguzo ya mwamba ya mita 137 iliyosimama peke yake baharini. Mkae ubavu wa kulia.
Visiwa vingi vya huko ni tambarare. Kwenye kijiji cha kale cha Skara Brae utaona nyumba za miaka 5,000 hivi: vitanda vya mawe, kabati za mawe, jiko katikati. Zilikuwa zimefukiwa na mchanga hadi dhoruba ya 1850 ilipoufukua. Mama yangu alisimama pale kimya, kisha akasema, "Hawa nao walikuwa na mahali pa kuweka vyombo."

salma_aberdeen
Mimi naipenda Shetland kuliko zote. Unang'oa nanga Aberdeen saa moja jioni, saa moja na nusu asubuhi uko Lerwick, bandari ya Shetland. Ndege puffin wa rasi ya Sumburgh Head unawaona kwa karibu, samaki wamening'inia mdomoni. Ikifika Agosti wanaondoka. Lakini bahari ile huchafuka, na siku nane hazitoshi kuunganisha na Orkney bila kumchosha mtu mzima. Na usiku haupati giza kamili, kwa hiyo kubalianeni mapema mtafuata ratiba gani ya Isha.

mkojani_glasgow
Ahsanteni sana. Nimeongea naye, kachagua Orkney. Feri nikate lini?

Mzee_wa_Meli
Leo. Nafasi za magari ndizo zinazoisha kwanza. Na mnunulie koti la kuzuia upepo, mwavuli hausaidii kule.