Feni la kuvuta joto darini au AC ya pili? Fundi anakuja Jumamosi

Mtumishi_Mpole: Habari zenu wakuu. Nyumba yangu usiku haikaliki. Saa nne usiku ukigusa dari bado lina vuguvugu. AC ninayo moja, ya chumbani kwetu, na luku inakata kama maji. Nimetenga hela kidogo, nachagua: (a) AC ya pili chumba cha watoto, (b) lile feni kubwa linalofungwa kwenye dari la korido, linavuta hewa ya nyumba nzima na kuitupa juu, au (c) zile bakuli za bati zinazozungushwa na upepo juu ya mapaa ya magodauni. Mwenye uzoefu anisaidie.

Fundi_Kupaua: Mkuu, uko mkoa gani? Paa la namna gani, dari la jipsamu au mbao? "Hela kidogo" ndiyo shilingi ngapi? Bila hayo tunapiga ramli tu.

Umeme_ni_Hesabu: Tukiwa tunamsubiri. AC ya BTU 12,000 inakula karibu kilowati 1 ikiwa inavuta. Usiku mzima, kwa kuwaka na kupumzika, weka unit 6. Kwa T1 (bei ya matumizi ya kawaida ya nyumbani), unit ni kama sh. 356 pamoja na kodi, kwa hiyo zaidi ya sh. 2,000 kila usiku kwa chumba kimoja. Pangaboi la wati 70 kwa saa nane halifiki hata sh. 250. Tatizo pangaboi halipoozi chumba, linakupepea wewe. Dari likiwa la moto, linakushushia joto lilelile.

Kobe_wa_Mbezi: Hiyo (b) ikimbie. Niliuziwa hapa Dar na duka moja, wakaleta na fundi wao. Akakata jipsamu pale koridoni, akalifunga, akaliwasha, pazia zikaruka tukapiga makofi. Kumbe juu hakuna pa kutokea hewa! Faishabodi imezibwa kote, hakuna tundu. Upepo unaingia darini, unakosa njia, unarudi chini kupitia matundu ya taa. Na haukurudi mikono mitupu: vumbi la miaka yote na mavi ya panya, juu ya meza ya chakula. Tukatoboa matundu. Ikaja Februari, nje usiku ni digrii 25 na unyevu wa bahari, feni linatuvutia hewa ileile ya nje, mashuka yanakuwa kama yameanuliwa kabla ya kukauka. Lililonimaliza ni siku dada anachemsha maharage kwa mkaa jiko la uani, mlango wazi. Feni likavuta moshi wote mpaka chumba cha mtoto. Moshi unauona, ile sumu ya mkaa huioni wala huinusi. Nikalizima siku hiyohiyo. Fundi hapokei simu, tundu nimeziba kwa plaiwudi.

Binti_Upanga: Pole. Lakini hapo kosa ni la fundi, feni umelionea.

Mswahili_wa_Mvita: Huku Mombasa nyumba za kale zilijengwa dari juu, kuta nene za mawe, madirisha yakitazamana. Hakuna feni wala stima. Nyinyi mwajenga dari fupi, mwaziba kila tundu, kisha mwatafuta mashine ya kuwafungulia.

Fundi_Kupaua: Mzee, hao wazee wako hawakuwa na bati. Bati la saa saba mchana ukilikanyaga peku unaruka. Na tusichanganye vitu viwili. Feni la (b) linapitisha hewa ndani mnamokaa. Hizo bakuli za (c) zinatoa joto la juu ya dari tu, tena zinahitaji matundu chini ya upenu ili hewa baridi iingie. Kwa matundu ya kawaida, kila mita 150 za mraba za dari zinataka mita 1 ya mraba ya uwazi, wavu ukishaondolewa kwenye hesabu. Feni la (b) linataka zaidi ya hapo.

Mtumishi_Mpole: Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Niko Dodoma, Nzuguni. Dari jipsamu. Milioni moja na nusu.

Umeme_ni_Hesabu: Dodoma! Na ulikaa kimya wakati wote huu? Hadithi ya Kobe ni ya pwani. Kwako hewa ni kavu, hata Oktoba usiku unashuka mpaka digrii 18 au 19. Feni la (b) limetengenezwa kwa ajili ya mahali kama hapo. Jua likishazama na nje pakapoa, fungua madirisha, liwashe, kuta zipoe. Asubuhi funga kila kitu.

Binti_Upanga: Afungue madirisha usiku Nzuguni? Na vumbi la Dodoma, na upepo ule? Nimekaa huko, unafuta meza asubuhi, mchana unaandika jina kwa kidole. Halafu dirisha la aluminiamu la kusukuma linafunguka nusu tu, na wavu wa mbu unakula nusu ya hiyo nusu.

Umeme_ni_Hesabu: Grili anazo bila shaka. Vumbi nakubali.

Fundi_Kupaua: Mtumishi, bado hujajibu. Paa?

Mtumishi_Mpole: Ni zile za kisasa, bati limefichwa nyuma ya ukuta.

Fundi_Kupaua: Aaah, mkuu! Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza. Kati ya dari na bati hapo mtu hapiti hata kwa kutambaa. Feni la (b) litatupa hewa wapi? Na bakuli zitakingwa upepo na huo ukuta. Toboa ukuta pande mbili chini ya mfereji, weka louva na wavu wa popo.

Kobe_wa_Mbezi: Mapaa ya kuficha yote yanavuja. Andika hapa.

Fundi_Kupaua: Yanavuja yakipauliwa na watu wa bei rahisi. Yangu hayavuji.

Binti_Upanga: Kila fundi husema hivyo kabla ya masika.

Mtumishi_Mpole: Na ile foili ya kung'aa ya kuzuia joto la bati? Naweza kuilaza juu ya jipsamu bila kufumua bati?

Fundi_Kupaua: Ukiilaza, vumbi litatua juu yake na kazi yake itapungua. Mahali pake ni chini ya papi (mbao zinazopigiliwa bati), pawe na nafasi ya hewa, isigusane na bati. Kwako itabidi kufumua.

Kobe_wa_Mbezi: Ukifumua, tuwekee picha. Tuone kama halivuji.