Wakuu, wapi Dar nitapata kamba kochi hai kwa ajili ya chakula cha Krismasi?

Tausi22 (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wanajamvi. Naombeni msaada wa haraka, siku zimekwisha. Krismasi nina watu wanane mezani na nimeshaahidi kamba kochi (lobsta), wale wanaoingia jikoni wakiwa hai. Waliogandishwa sitaki. Je, soko la samaki la Feri wanapatikana kweli, au nihangaike Kunduchi na Bagamoyo? Na nitajuaje kwamba huyu ni mzima na huyu anakaribia kufa? Nina wasiwasi hadi usingizi umekata.

Dema la Kunduchi
Feri wapo, dada, ila elewa biashara yenyewe inavyokwenda. Kamba kochi hutolewa miambani na wazamiaji, wengine hunaswa kwenye nyavu na madema, ile mitego ya kusukwa. Wakifika ufukweni, wanunuzi wa hoteli na wa kupeleka nje ya nchi huwa wameshaweka oda zao. Wanaobaki mezani kwa wachuuzi aghalabu wamelala kwenye barafu, na aliyelazwa kwenye barafu tangu usiku si hai tena hata kama macho yanang'aa. Zungumza na mchuuzi siku mbili tatu kabla. Mwambie wako wasiwekwe barafu, wabaki kwenye tenga ndani ya maji ya bahari mpaka utakapofika. Wewe fika alfajiri.

Kumpima: mshike mgongoni, kwenye gamba gumu. Usimvute ndevu, zinakatika. Mwinue. Mzima anakunja mkia chini ya tumbo na kuupiga kwa nguvu, miguu yote inacheza. Mkia ukining'inia kama kitambaa na miguu imelegea, mwache hapo hapo. Angalia pia pale kichwa kinapokutana na mkia: ukiona weusi au ukijani unachungulia, au ukisikia harufu kali inayochoma pua, huyo amekufa zamani.

Shangazi wa Jiko
Watu wanane, bila vyakula vingine vingi, chukua wanane wa gramu 500 hadi 600 kila mmoja. Nyama iko mkiani, na mkia ni karibu theluthi tu ya uzito wote. Ukiwa na pilau na kuku pembeni, wanne wa gramu 800 wakipasuliwa katikati wanatosha. Usishawishike na lile dume la kilo mbili la kupigia picha. Nje huiva sana kabla ndani hakujaiva, nyama ikakaza.

Mzee wa Bamvua
Mpindue kila mmoja kabla hujalipa. Ukiona punje za rangi ya chungwa au kahawia zimeshikana chini ya mkia, huyo ana mayai. Kuvua na kuuza mwenye mayai kumekatazwa, Tanzania na Kenya pia. Mchuuzi akikwambia "haya ndiyo matamu", mrudishie. Na wale wadogo wadogo wa kujaza sahani tuwaache wakue, hawajazaa hata mara moja. Miamba ya Mafia na Kilwa haiwezi kulisha sherehe zetu milele tukila mama na mtoto kwa pamoja.

Perege Fresh
Mimi ninavyoona, wageni wanataka kushiba. Kiasi hicho cha fedha unapata kuku watano na mchele wa Kyela na chenji inabaki. Krismasi ni watu.

Dema la Kunduchi
Tausi, hujatuambia jambo kubwa kuliko yote. Unaishi wapi, na unawanunua siku gani? Tunakujibu kama mtu wa Upanga anayetoka Feri na kuingia jikoni moja kwa moja.

Tausi22
Niko Dar kwa sasa.

Shangazi wa Jiko
"Kwa sasa" maana yake nini, mwanangu? Chakula kinaliwa wapi?

Tausi22
Sawa, niseme. Chakula ni Dodoma, nyumbani kwetu, wakwe zangu ndio wanakuja. Sikutaka kusema mapema maana najua mngenikatisha tamaa. Na kuna mtu nimeshaongea naye, ataniletea tarehe 22 jioni. Nasafiri nao 23 asubuhi, nawaweka kwenye beseni kubwa la maji na chumvi mpaka 25. Maji nitabadilisha kila siku. Sioni kosa liko wapi, kwa sababu hata baharini wanakaa kwenye maji ya chumvi.

Mzee wa Bamvua
Kosa liko kwenye beseni. Kamba kochi wanane kwenye lita 60 za maji yaliyotuama wanamaliza hewa kwa muda mfupi, na uchafu wao wenyewe unayageuza maji kuwa sumu. Maji ya bomba yana klorini, yanaunguza mashavu, yaani matamvua anayovutia hewa. Chumvi ya mezani inakupa ukali wa chumvi tu, maji ya bahari yana madini mengine mengi. Na ukimtia kwenye maji yasiyo na chumvi kabisa, maji yanamwingia mwilini na anakufa.

Hewani, akiwa na ubaridi na unyevu, anaishi muda mrefu kuliko ndani ya beseni hilo. Mashavu yakibaki na unyevunyevu anaendelea kuvuta hewa, na ubaridi unapunguza mahitaji yake. Akifungwa vizuri siku nzima anaimaliza. Siku tatu, usijidanganye.

Tausi22
Lakini huyu muuzaji ana uzoefu, ameniambia beseni halina shida, wateja wake wa Morogoro wanafanya hivyo. Na tarehe 22 siwezi kubadilisha, nimeshamtumia nusu ya fedha.

Boksi la Baridi
Tarehe inabadilika, dada, fedha ni mazungumzo. Safari ya Dodoma yenyewe haina ugumu siku hizi. Tangu treni ya umeme ya SGR ifike Dodoma mwaka 2024, ni takriban saa tatu na nusu hadi nne, na Feri hadi stesheni ni mwendo mfupi. Kwa basi ni kilomita 450 hivi za barabara, na mzigo ukikaa kwenye buti la chini joto linawamaliza kabla hujafika Gairo. Kabla ya kukata tiketi uliza masharti ya mizigo, na hakikisha boksi halivuji tone.

Ufungaji ni hivi. Boksi la thamofomu, lile jepesi la kutunza baridi, au deli lenye mfuniko. Chini weka chupa mbili za lita moja na nusu zilizojazwa maji na kugandishwa, kila moja izungushie magazeti makavu na uifunge kwenye mfuko ili jasho lake lisiwafikie kamba. Juu yake weka kipande cha kadibodi. Kisha gunia la katani lililoloweshwa kwa maji ya bahari na kukamuliwa, liwe na unyevu lisichuruzike. Maranda ya mbao yanafaa pia, mradi mbao haikupakwa dawa. Wapange kamba tumbo likiwa chini, mkia umekunjwa, kila mmoja na kitambaa chake chenye unyevu wasikwaruzane. Funika kwa gunia lingine. Mfuniko utoboe matundu mawili matatu, wanahitaji hewa.

Lenga ubaridi wa nyuzi 12 hadi 15. Hawa ni wa bahari ya joto, ukiwashusha ghafla chini ya 10 unawaua. Ndiyo maana barafu isiwaguse. Barafu ikiyeyuka ni maji yasiyo na chumvi, nayo yakiwafikia habari imekwisha.

Perege Fresh
Na mimi narudia, ukiwa Dodoma una Bwawa la Mtera hapo karibu. Perege anatoka majini asubuhi, mchana yuko kwenye sahani. Kwa nini umtese mnyama kilomita 450 ilhali jirani yake yupo?

Shangazi wa Jiko
Aliuliza kamba kochi, tumjibu kamba kochi. Ila Tausi, umewauliza wakwe kama wanakula? Wasabato wengi hawali, na wapo watu ambao kamba mmoja tu anawavimbisha midomo na kuwabana kifua. Piga simu leo. Usisubiri kuona mtu anavimba mezani.

Tausi22
Nitapiga. Kuhusu muuzaji, jamani msimhukumu. Amenitumia picha ya mzigo wa leo asubuhi Feri, kamba wakubwa wekundu-kahawia, makucha yao mazito yamefungwa mipira ya rangi ili wasiwaumize wateja. Mtu anayejali namna hiyo hawezi kuwa tapeli.

Nahodha Mstaafu
Hii ni chai, uongo mtupu. Nilikuwa nasoma kwa makini mpaka hapo. Dada ametunga uzi, na picha ameiona kwenye filamu za Wazungu. Kamba kochi wa Feri hana makucha!

Boksi la Baridi
Nahodha yuko sahihi kuhusu makucha. Wa kwetu wana ndevu mbili ndefu nene zenye miiba na miguu myembamba, kinga yao ni miiba na mkia. Mwenye makucha mawili makubwa yanayofungwa mpira ni wa Atlantiki, anavuliwa Maine kule Marekani, Kanada, na aina ya ndugu yake iko Ulaya. Anaishi maji ya baridi. Akionekana Dar amekuja kwa ndege, hakutolewa Feri asubuhi.

Nahodha Mstaafu
Kwa hiyo ni chai. Mods wafunge uzi.

Tausi22
Sijatunga neno hata moja. Picha ninayo kwenye simu, na muamala ninao, shilingi laki moja na nusu. Huyo mtu nilielekezwa na rafiki ninayemwamini, ndiyo maana sikuuliza mara mbili.

Dema la Kunduchi
Nahodha, mtu anayetunga angetafuta picha ya kamba wa kwetu ili aaminike. Hapa aliyetunga ni muuzaji. Tausi, usitume shilingi nyingine. Mwambie akurekodie video sasa hivi: amshike kamba mgongoni, ampindue tuone chini ya mkia, na pembeni kuwe na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mzigo anafanya hivyo kwa dakika tano. Rafiki yako muulize swali moja: alishapokea mzigo kwa mtu huyu, au naye alipewa namba tu?

Tausi22
Rafiki alipewa namba tu. Na nimeomba video, ameona ujumbe, hajajibu. Nimepiga mara nne, simu inakatwa.

Nahodha Mstaafu
Basi naomba radhi dada yangu, nilikosea kukuita mtunzi. Toa taarifa kwa kampuni ya mtandao wako wa simu sasa hivi, kabla fedha hazijatolewa wanaweza kuzuia muamala. Kisha polisi, ukiwa na namba ya muamala na picha za mazungumzo.

Tausi22
Nimeshapiga, wamechukua maelezo. Wakwe wanakula, nimewauliza, ila mmoja wao akila kamba anavimba, huyo nitamwandalia kuku. Shemeji yangu yuko Kigamboni na atavuka pantoni tarehe 24 alfajiri aje Feri kuchukua kamba, nami nipande treni ya asubuhi siku hiyo hiyo. Nikifika mchana, kamba niwafanyeje mpaka 25?

Shangazi wa Jiko
Hapo sasa umenifurahisha. Usiwalaze, wapike 24 jioni. Ukifika, watie kwenye friza dakika 20 hadi 30 wafe ganzi, kisha ncha ya kisu kizito katikati ya macho, ukishusha chini kwa nguvu moja. Aliyekufa njiani: kama boksi bado lina ubaridi na hana harufu, mng'oe mkia papo hapo na umpike wa kwanza. Akikaa bila kung'olewa mkia, vimeng'enya vya tumbo lake, lililo upande wa kichwa, vinaingia kwenye mkia na nyama inageuka uji. Mwenye harufu, tupa.

Utumbo: kata kipande cha ndevu yake mwenyewe, kiingize kwenye tundu chini ya mkia, zungusha, vuta. Miiba ya ndevu inautoa wote.

Sufuria ya lita kumi, vijiko viwili vya mezani vya chumvi kwa kila lita. Wawili wawili, usijaze. Maji yakichemka tena ndipo uanze kuhesabu, dakika 8 hadi 10 kwa wa gramu 500 na kitu. Watoe uwatumbukize kwenye maji ya barafu yenye chumvi, wakipoa kausha, funika, weka friji. Tarehe 25 wapasue katikati, paka siagi, kitunguu saumu na ndimu, waweke juu ya mkaa upande wa gamba dakika tatu au nne mpaka wapate moto. Ukipenda tui la nazi, lichemshe peke yake liwe zito, nyama itie mwishoni kabisa.

Boksi la Baridi
Shemeji aje na ndoo ya kuchotea maji ya bahari ya kuloweshea magunia. Asichote pale penye uchafu wa soko, achote upande wa pili Kigamboni kabla ya kupanda pantoni.