Kwa nini mashujaa wa kike walichelewa kupewa filamu zao?

Mpenda Katuni:
Ndugu wanajukwaa, Wonder Woman alianza kuchapishwa katika vitabu vya katuni vya Marekani mwaka 1941, miaka 3 tu baada ya Superman. Superman alipata filamu yake kubwa mwaka 1978, Batman akafuata mwaka 1989, lakini mwenzao alisubiri hadi 2017 ndipo filamu yake ikaingia katika majumba ya sinema. Ni nini hasa kilichomzuia muda wote huo?

Mtazamaji wa Zamani:
Watazamaji hawakukosekana, kwa sababu Lynda Carter aliigiza nafasi hiyo kwenye televisheni kuanzia 1975 hadi 1979 na bado anakumbukwa. Kilichokosekana ni imani ya wenye fedha. Supergirl (1984), Catwoman (2004) na Elektra (2005) zilipofanya vibaya sokoni, wakuu wa studio walihitimisha kwamba watu hawataki shujaa wa kike. Ike Perlmutter, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya katuni ya Marvel, alizitaja filamu hizo tatu kama mifano ya hasara katika barua pepe ya mwaka 2014 ambayo baadaye ilivuja. Hata hivyo, anayeitazama Catwoman leo atakuta shujaa anayepambana na kampuni inayotaka kuuza krimu ya uso yenye madhara, kana kwamba mwanamke hawezi kuwa na vita vingine nje ya meza ya vipodozi. Kisa cha namna hiyo kingemwangusha shujaa yeyote. Batman & Robin ya 1997 ilikosolewa vikali, lakini Batman akarudishwa mwaka 2005 chini ya mwongozaji mwingine; Hulk naye alipewa filamu mwaka 2003, kisha nyingine mwaka 2008. Mwanamume akianguka hulaumiwa mswada, na mwanamke akianguka hulaumiwa jinsia yake.

Msomaji Makini:
Nakubaliana na ndugu hapo juu, ila tusisahau biashara ya wanasesere, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa na uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika Avengers: Age of Ultron (2015), shujaa wa kike Black Widow ndiye anayeshuka kutoka kwenye ndege akiwa juu ya pikipiki, lakini seti ya wanasesere wa tukio hilo ilipotoka, aliyewekwa juu ya pikipiki ile alikuwa mwanamume, Captain America. Mwongozaji Shane Black naye alieleza mwaka 2016 kwamba adui mkuu wa filamu yake Iron Man 3 alikuwa mwanamke katika mswada wa awali, akabadilishwa kwa hofu kwamba mwanasesere wake asingeuzika. Black Widow mwenyewe, aliyejitokeza kwenye filamu kwa mara ya kwanza mwaka 2010, alipata filamu yake mwaka 2021.

Mpenda Katuni:
Nawashukuru sana. Nilidhani basi kwamba hoja ya kuwa watu hawataki shujaa wa kike ilikufa baada ya Wonder Woman kuingiza zaidi ya dola milioni 800 na Captain Marvel (2019) kuvuka bilioni 1.

Mtazamaji wa Zamani:
Haikufa, ndugu yangu. The Marvels, filamu ya mashujaa wa kike, ilipopata hasara mwaka 2023, maneno yaleyale yalirudi mara moja. Mwaka huohuo The Flash, yenye shujaa wa kiume, nayo ilianguka vibaya, na sijasoma popote mtu akihoji kama watazamaji wamewachoka mashujaa wa kiume.