Naombeni ushauri, mwanafunzi wangu ana uoni hafifu
Habarini wakuu, mi ni mwalimu wa hisabati la saba, shule ya kijijini, darasa lina watoto 94. Nina binti mmoja ana ualbino, akili anayo sana ila ubaoni haoni hata nikimkalisha mbele, anaishia kukopi kwa jirani na jirani mwenyewe anakosea 😔

Najua NECTA (baraza la mitihani) wanatoa karatasi za mtihani za maandishi makubwa na hisabati wanaongezewa dakika 20 kila saa, sasa mwalimu mkuu anasema tumechelewa kumsajili kama mwenye uoni hafifu. Bado inawezekana kurekebisha? Nianzie kwa afisa elimu maalumu wa wilaya au wapi? Na mliowahi kufundisha watoto kama hawa, ubaoni mnafanyaje jamani, inaniuma mno