Cheti gani cha Linux nianze nacho: LPIC-1, Linux+, RHCSA au LFCS?

kobe_wa_seva: Habari wakuu. Niko kwenye sapoti ya kompyuta, Linux naijua kiasi, nimeshaseti seva kadhaa za Ubuntu na zinadunda mpaka leo, sasa nataka nihamie kwenye useva moja kwa moja. Nguvu ninayo ya cheti kimoja tu kwanza. Kipi?

mzee_bash: Mkuu angalia matangazo ya kazi unazozitaka wewe. Yakitaja Red Hat basi RHCSA haina mjadala, na wanaotumia Linux za Rocky au AlmaLinux nao wanaiheshimu maana ukoo ni ule ule. LPIC-1 haijafungwa kwenye distro (aina ya Linux) moja, ila ni mitihani miwili, 101 na 102, kila mmoja maswali 60 kwa dakika 90, ya kuchagua na kujaza. Uzuri wake inakaa miaka 5, RHCSA ni 3.

dada_cron: Mzee sikupingi ila hayo ya kuchagua mtu anakariri amri ya tar yote na herufi zake halafu akipewa seva iliyogoma kuwaka anabaki kutoa macho. RHCSA unakaa na mashine masaa matatu, LVM (kugawa diski), SELinux (ulinzi unaobana kila programu), kuingia kwenye mashine ambayo paswedi ya root (msimamizi mkuu) huna, intaneti hamna, una kurasa za man tu basi. Unatakiwa 210 kati ya 300 na kila ulichoseti kiwe hai baada ya kuriboti. Mimi mara ya kwanza nilijiona bingwa, nikaacha kuriboti mpaka zimebaki dakika kumi, kumbe kwenye fstab, faili la diski za kuunganisha mashine ikiwaka, nimeandika pumba, mashine haikuwaka na muda ukaniishia hapo hapo napapasa. Niliona aibu hata kusimulia.

ping_ping: Pole dada 😂 Linux+ ni ya CompTIA, ni nzuri kama tayari una vyeti vyao vya A+ au Security+ unajaza safu, yenyewe peke yake sijaona imembeba mtu wa seva. Mimi nina LFCS ya Linux Foundation, ni vitendo vile vile, masaa mawili, unafanyia nyumbani na ukifeli unarudia mara moja bila kulipa tena. Kilichoniudhi ni kwamba tangu 2024 wamepunguza uhai wa cheti kutoka miaka 3 hadi 2.

kobe_wa_seva: Sasa mimi wa apt, ile ya kuwekea programu kwenye Ubuntu, RHCSA si itanitoa jasho?

mzee_bash: dnf, ndiyo apt ya Red Hat, utaizoea ndani ya wiki, utakayepigana naye ni SELinux. Red Hat wanatoa usajili wa bure kwa developa binafsi, pakua, weka VM (mashine pepe) mbili, zivunje uzitengeneze. Na mada za LPIC-1 zisome tu hata kama mtihani hufanyi, masomo ya LPI, wenye LPIC-1, ni bure.

kobe_wa_seva: Poa, RHCSA basi. SELinux ikinikaba si naandika tu setenforce 0 iache kunizuia?

dada_cron: We thubutu. Na uriboti mapema, siyo dakika za mwisho kama mimi.